Nyumba na Kwetu: Somo la Mazimbu

Katika lugha yetu mtu aweza kusema "nakwenda nyumbani", na aweza kusema "nakwenda kwetu", na msikilizaji asihisi tofauti yoyote mpaka siku ile maneno haya mawili yanapoachana njia. Nyumba ina kuta, paa na mlango. Hujengwa, hupangishwa, huuzwa, hurithiwa. Kwetu hakuna kuta. Ni neno lisilobeba kitu chochote ila watu. Ndiyo maana mtu aweza kuwa na nyumba tatu asiwe na kwao, na mwingine akalala kwenye baraza la watu na bado akajua barabara kwao ni wapi.

Kutokana na tofauti hiyo linazuka swali ambalo nimelitafakari kwa miaka, na ambalo naliweka leo mbele ya wasomaji. Mtu anayeishi mahali alikokwisha kusudia kupahama, je, ana haki ya kupafanya kwake? Apike kwa utulivu, apange vitabu, abandike picha ukutani, afuge paka, apande mwembe uani? Au maisha ya namna hiyo ni kujidanganya, na pengine ni kuwasaliti wale aliowaacha kwao?

Mimi si mwanafalsafa wala sikupata kukaa darasa la chuo. Vitabu vyangu nimevisoma jikoni, huku nikichungulia sufuria. Kwa hiyo swali hili sitalitazama kwa nadharia, bali kwa mahali. Mahali penyewe ni Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, pale Milima ya Uluguru inapoonekana kama ukuta wa bluu asubuhi na wa kijani mchana.

Msomaji wa Visiwani ataniuliza: ya Mazimbu yatuhusuje? Nami namjibu kwamba hakuna watu wa mwambao huu wasiolijua swali lile. Wapo Wazanzibari wa Muscat ambao hadi leo hukanda mkate wa ufuta na kugombana kwa Kiswahili. Wapo wa Pemba walioko Mombasa, wa Lamu walioko Dar es Salaam, na wa kila bandari walioko Ulaya. Sote tuna jamaa ambaye sanduku lake halijafunguliwa lote. Mazimbu ni mahali ambapo watu maelfu waliishi na swali hilo kwa pamoja, kwa zaidi ya miaka kumi, na mwisho wakalijibu kwa vitendo.

Kabla yao Mazimbu palikuwa shamba la mkonge. Msomaji anajua mashamba ya mkonge yalivyokuwa: vibarua waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba kwa kuwa mtu aliandikwa kwa namba, wakalala kambini mpaka mkataba uishe. Kambi ile haikukusudiwa iwe kwao mtu yeyote. Shamba lilipokwisha kuachwa, palibaki majengo machache na majani.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Katika miezi iliyofuata vijana wengi walivuka mipaka, na miongoni mwao wakafika Tanzania. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania, kwa juhudi za Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wa wakati huo, Bibi Anna Abdallah, ikawapa wapigania uhuru wa ANC lile shamba lililoachwa. Wakaanza kujenga kwa mikono yao na ya wenyeji, chini ya mhandisi wao Oswald Dennis. Shule wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Kadiri miaka ilivyopita, penye mkonge pakawa na shule ya sekondari, ya msingi na ya chekechea, maktaba, hospitali, karakana ya samani, na shamba lenye mahindi, ng'ombe na nguruwe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa jembe walilishika wenyewe.

Hapo ndipo swali letu lilipowakabili. Watu hawa walikuja ili warudi. Kila wimbo wao ulielekea kusini. Sasa ni busara gani kwa mtu anayengoja kurudi kujenga nyumba ya matofali badala ya hema? Ipo hoja nzito upande huo. Anayejistarehesha ugenini, husemwa, husahau. Kitanda kizuri ni adui wa safari. Tena kwao watu walikuwa wakifa. Kuna haki gani ya kuchambua mchele kwa makini, au kukaa na riwaya kivulini, ilhali mwenzako yuko kizuizini? Hoja hii siidharau, kwani msemaji wake anasukumwa na uaminifu.

Lakini tuulize: huko kwao walinyang'anywa nini hasa? Tukitazama vizuri tutaona kwamba ubaguzi wa Makaburu, pamoja na mengine yote, ulikuwa vita dhidi ya nyumba ya mtu mweusi. Sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi ilimpa mtu fulani haki ya mtaa na kumnyima mwingine. Watu wa Sophiatown walianza kuhamishwa kwa nguvu mwaka 1955, na nyumba zao zikabomolewa. Mwanamume aliyechimba dhahabu alilazwa katika mabweni ya wanaume watupu, mke na watoto wakabaki mbali. Mwanamke aliyepata kazi mjini alipika katika jiko la watu wengine na kulea mtoto wa watu wengine, na kwake jivu likalala baridi.

Filamu ya Sarafina!, iliyotoka mwaka 1992, imelionyesha jambo hili kuliko maelezo yangu. Wengi wetu tuliitazama kwa mkanda wa video, sebule imejaa majirani, na tulichokikumbuka baadaye ni nyimbo na risasi. Lakini mimi kilichonikaa ni yule mama, aliyeigizwa na Miriam Makeba. Ni mtumishi katika nyumba ya Wazungu, na bintiye humwendea huko kama mgeni. Msichana yule ana mama, na mama ana jiko. Ila jiko si lao. Hapo nikafahamu kwamba mtu aliyenyimwa nyumba haisaliti vita yake anapopika chakula chake kwa amani. Anakifanya kile kile kilichompeleka vitani. Lau angengoja mpaka siku ya ushindi ndipo ajifunze kukaa nyumbani, angerudi kwao akiwa mshindi asiyejua kukaa.

Basi natazama mambo manne ya nyumba, ambayo watu huyaita madogo, ili tuone yana uzito gani.

La kwanza ni chungu. Kijana wa Soweto aliyefika Morogoro alikuta ugali wa sembe, nao ni ndugu wa kile walichokiita papu kwao. Alikuta kande, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na Mxhosa hakuhitaji mkalimani kukijua chakula hicho: kwao huitwa umngqusho. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri, nafurahi kuona kwamba lugha nazo zilipika chungu kimoja. Sisi tunasema kaya, wao husema ikhaya. Sisi tunasema kwetu na kwao, Mzulu husema kwethu na kwabo. Aliyevuka mito yote ile alikuta neno lake la nyumbani limemtangulia. Sikusudii kusema kwamba ugenini ulimwisha. Kufanana kwa chakula huweza hata kuongeza kiu ya kile chenyewe. Nasema tu kwamba mwenye kupika ugenini hapiki mfano wa kwao. Anapika chakula cha kweli, kwa njaa ya kweli ya leo.

La pili ni vitabu. Nyumba yenye vitabu ina mlango mmoja zaidi. Shule ya Mazimbu ilijengewa maktaba kwa sababu vijana wale walikimbia elimu iliyotungwa makusudi iwafanye watumishi. Kusoma kwao hakukuwa starehe iliyosubiri uhuru uje kwanza. Nami naongeza jambo ambalo kila aliyejifundisha mwenyewe analijua: kitabu ni kitu pekee cha nyumbani ambacho ukikitumia ugenini hakikuulizi utabaki mpaka lini.

La tatu ni daftari la mabandiko. Wapenzi wa ushairi wanalijua. Tangu enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, mwambao umekuwa na watu wenye mkasi mdogo na gundi ya unga, wanaokata shairi lililowapendeza na kulibandika katika daftari la shule. Langu lina mashairi, mapishi ya visheti, kipande cha tikiti ya sinema na picha za watu waliokwisha kufa. Kubandika ni kusema: hiki kisipotee. Lakini fikiria hali ya mtu aliyelazimika kuficha jina. Wengi wa waliokaa Mazimbu walitumia majina ya bandia, ili askari wa Makaburu wasiwasumbue jamaa zao. Manamba wa mkonge walinyang'anywa majina wakapewa namba. Hawa waliyaweka majina yao akiba. Kwa mtu wa namna hiyo picha ya utotoni ni hazina na ni hatari kwa pamoja. Ndiyo maana naona ina maana kubwa kwamba kumbukumbu za shule ile, barua na majalada, zilipelekwa Afrika ya Kusini na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, ambako Oliver Tambo mwenyewe alipata kusoma. Kuta zikabaki, daftari likarudi kwao.

La nne ni mnyama wa kufugwa, na hapa naomba msomaji asicheke. Watu husema mbwa hufuata mtu, paka hufuata nyumba. Paka wangu nilimkuta katika nyumba niliyopanga. Wapangaji waliotangulia waliondoka na mbwa wao. Yeye akabaki kibarazani, akinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Nikampa dagaa siku ya kwanza kwa huruma, siku ya pili kwa mazoea, na siku ya tatu nikatambua kwamba nimekwisha toa ahadi. Mnyama hajui kama wewe ni mpitaji. Mkataba wako wa mwaka mmoja hakuusoma. Yeye anajua mkono uliomlisha jana, na anaungoja leo.

Jambo hili dogo la paka ndilo lililonifungulia mlango wa swali zima. Mwanzoni niliuliza kama mtu ana haki ya kukaa kwa moyo mahali atakapopahama. Sasa naona haki hiyo haina shaka. Kilicho kigumu ni kingine: sisi twaweza kuishi kwa nia ya kuondoka, lakini wanaotutegemea hawaishi hivyo. Nia ya safari iko moyoni mwetu tu. Walio karibu nasi wanaishi na vitendo vyetu.

Kwa vitu, Mazimbu ilitoa jibu zuri sana. Katika mila za ardhi za kwetu, na wa Unguja na Pemba wanalijua hili, aliyeazimwa shamba hupanda muhogo na mtama, hapandi mkarafuu wala mnazi, maana mti wa kudumu ni dai. Ardhi yaweza kuwa na mwenyewe na mti ukawa na mwenyewe mwingine. Waluguru nao, ambao ardhi yao hufuata ukoo wa mama, wana uzoefu mrefu wa mwanamume kulima kwa bidii ardhi ambayo haitakuwa ya ukoo wake. Watu wa ANC walijenga vya kudumu bila kudai. Mwezi Februari 1990 chama chao kikaruhusiwa tena Afrika ya Kusini, na Julai 1992 Tambo akaikabidhi Mazimbu kwa Serikali ya Tanzania: madarasa, nyumba, karakana na vyote vilivyosimama. Yeye mwenyewe alifariki Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi alioungoja maisha yake yote. Leo mahali hapo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nayo inaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu.

Majina hayo mawili kukaa pamoja si jambo la kupita bila kusimama. Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wetu, alifariki tarehe 12 Aprili 1984 katika ajali ya barabarani huko Dakawa, mkoani Morogoro, gari lake lilipogongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika ya Kusini. Nchi nzima ililia. Na bado mlango wa Mazimbu haukufungwa. Mwaka uliofuata, 1985, Tambo alikuja kuifungua shule rasmi. Chuo kikuu kilichopewa jina la marehemu ndicho kilichokuja kurithi majengo ya wageni wale. Mwenyeji aliyefiwa hakumfukuza mgeni, na mgeni alipoondoka hakubomoa. Sijui kama katika vitabu vyote vya maadili tutapata somo la ukaribishaji lililo bayana kuliko hili.

Lakini nyumba hukabidhiwa; kwetu hakukabidhiki. Na hapa ndipo somo la Mazimbu linapouma. Katika miaka ile wanawake wa Kitanzania waliolewa na wanaume wa ANC, au walizaa nao. Mwaka 1994 uhuru ulipokamilika kusini, wapo waliokuwa wamekwisha kufuatana na waume zao, na wapo waliobaki Tanzania na watoto, wakingoja barua. Watafiti Arianna Lissoni na Maria Suriano walichapisha mwaka 2014 maelezo ya wanawake hawa, na mwenye kuyasoma atafahamu kwamba historia ya ukombozi ina sebule ambazo hazikuandikwa katika hati ya makabidhiano. Hati ile ilitaja majengo. Haikuweza kumtaja mtoto anayeuliza kwao ni wapi.

Simhukumu mtu hapa. Kurudi kwenyewe kulikuwa kugumu: nchi ilikuwa bado inamwaga damu, kazi hazikuwepo, na mwingine aliyeondoka akiwa na miaka 17 alikuwa na familia aliyoiacha huko pia. Lakini hukumu ni jambo moja na kanuni ni jambo jingine. Kanuni ninayoiona ni hii: mgeni ana haki ya kukaa kwa moyo wote, ila haki hiyo ina bei, na bei yake ni kwamba hawezi tena kuondoka kama mgeni. Aliyelala tu, anashukuru na kwenda. Aliyepika, akala na watu, akawazoeza sauti yake asubuhi, ameanzisha kwao ya mtu mwingine. Huyo akiitwa na kwao ya kwanza, hana budi kwenda. Lakini anakwenda akiwa na deni, na deni halilipwi kwa ufunguo.

Wazo hili nimelitia katika ubeti mmoja:

Ukikaa ugenini, moto wako uuwashe,
Panda mti uwanjani, kivuli ukirefushe,
Ukiitwa safarini, ufunguo urejeshe,
Na waliokula ndani, kwaheri isiwatoshe.

Atakayenipinga atasema: basi afadhali mtu asikae kwa moyo, asije akaumiza. Asifuge, asipende, asibandike picha. Aishi na sanduku lililofungwa, na siku ya kuondoka asimwache mtu na pengo. Naelewa hofu yake, lakini namwambia kwamba huo ndio ushauri wa kambi ya mkonge. Manamba waliishi hivyo kwa kulazimishwa, na hatuwezi kuukubali kwa hiari unyonge ambao wenzetu walitwishwa. Tena sisi sote, msomaji, tumepanga. Hakuna kati yetu aliyepewa dunia hii kwa hati ya kudumu. Kama nia ya kuondoka ingekuwa sababu ya kutopika vizuri, pasingekuwa na haja ya jiko popote.

Katika makaburi ya Mazimbu wamelala wale ambao safari yao iliishia pale. Hao kwao ni wapi? Kwa desturi zetu kaburi ni nyumba ya mwisho, na mwenye kulifagia ndiye jamaa. Kwa hiyo kwao ni kusini, na kwao ni Mazimbu, na sioni ugomvi kati ya majibu haya mawili maadamu kuna anayefagia.

Na kila mwaka kampasini wanaingia wanafunzi wapya, kutoka Kigoma, Mtwara, Pemba na Mara. Watakaa miaka mitatu au minne, na wanajua hivyo tangu siku wanayotua begi. Mmoja atanunua sufuria na jiko dogo, mwingine atabandika picha ya mama yake juu ya kitanda, na wa tatu atamtupia paka wa bweni mfupa wa samaki. Lau wangeniuliza, ningewaambia wafanye yote hayo bila kuona haya. Kisha ningewaambia wajue majina ya watu wanaokula nao: mama ntilie, mlinzi, mtoto wa mwenye nyumba anayekuja kuazima kalamu. Siku ya mahafali chumba watakikabidhi kwa dakika tano. Majina yale wayabebe.